Maji ya Tatu

Daktari wa upasuaji alikuwa na kalamu nyekundu, na kwa kalamu hiyo alichora mstari kwenye mguu wa Fundi, vidole vinne chini ya goti. Fundi alikuwa mchomelea vyuma, na mistari ya namna hiyo aliijua. Miaka ishirini alikuwa akiichora yeye kwenye mabomba na mageti ya watu kabla ya kukata.

"Jumamosi asubuhi," daktari alisema. "Ijumaa jioni uje ulazwe. Kabla ya hapo ni sindano kila siku, sumu isipande juu."

"Haiwezekani," Fundi alisema, kwa upole wa mtu anayemsahihisha karani aliyekosea jina. "Dawa ninayotumia inapunguza asilimia themanini na mbili."

"Inapunguza nini?"

Fundi akamgeukia mkewe, maana mambo hayo yalikuwa ya upande wake. Mkewe alikuwa amesimama karibu na mlango, kakumbatia kiatu cha mguu mgonjwa, kiatu ambacho hakijavaliwa mwezi mzima.

"Nguvu za vijidudu vya kidonda," alisema. "Ndivyo ilivyopimwa maabara kwetu."

"Wewe ni mtaalamu wa maabara?"

"Naosha vyombo."

Daktari hakucheka, na afadhali angecheka. Aliandika kitu kwenye faili, kisha akauliza bila kuinua macho, "Vidonge nilivyompa aliacha lini?"

"Wiki saba sasa."

"Nani alimwambia aache?"

"Profesa wetu. Alisema dawa mbili zikichanganywa, hatutajua ipi imeponya."

"Basi sasa mmejua," daktari alisema, akafunga faili.

Nje ukumbini, wifi ya mke wa Fundi alikuwa akiwasubiri. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Fundi, muuza mkaa, mwenye mikono myeusi hata siku ya kwenda hospitali na ulimi usiojua kupumzika. Aliposikia habari ya Jumamosi alijifuta mikono kwenye kanga, mara mbili.

"Wifi yangu," akasema, "mimi sikusoma. Ila nilisema. Nilisema mtu haachi tiba ya hospitali kwa sababu ya kachupa ka maji ya kahawia. Nikaambiwa sijui asilimia. Haya, asilimia ziko wapi? Zije zimbebe ndugu yangu."

Mke wa Fundi alizidi kukikumbatia kile kiatu. Dawa ile aliileta yeye nyumbani, kwa mikono yake miwili, akiwa na furaha.

*

Maabarani mke wa Fundi walimwita Mama Suuza, na jina hilo alilipenda, kwa sababu kusuuza ndiko alikojua kuliko wote mle ndani. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Profesa alikuwa amepata dawa ya magome ya mti, akataka kujua inavipunguza vijidudu vya vidonda kwa kiasi gani. Vijidudu viliwekwa ndani ya mirija pamoja na chakula chao na rangi ya buluu. Vikiwa hai na vikifanya shughuli zao, rangi hugeuka waridi. Vikizimia, rangi hubaki buluu. Mashine husoma rangi na kutoa namba. Namba ya mirija isiyo na dawa huitwa mia, kisha huangaliwa mirija yenye dawa imebakiza ngapi. Ilibakiza kumi na nane. Kwa hiyo dawa ilipunguza themanini na mbili, na siku hiyo Profesa alinunulia watu wote soda.

Siku hiyo ndiyo alimwambia Mama Suuza, mbele ya watu, "Mumeo si ana kidonda cha kisukari? Mpelekee chupa. Wewe ni wa nyumbani." Alijisikia mtu. Miaka kumi na mmoja ya kuinama kwenye sinki, na leo hii anaambiwa ni wa nyumbani. Tangu hapo, kila Ijumaa, watu wenye vidonda walikuja kwenye dirisha la chumba chake cha kuoshea, wakamkabidhi chupa tupu, yeye akaziosha, akawajazia. Walikuwa kumi na mmoja. Mumewe wa kumi na mbili.

Jumanne, siku moja baada ya ile kalamu nyekundu, alikuwa kwenye sinki lake aliposikia viatu vya Desimali vikija. Desimali alikuwa msichana mpimaji, mwembamba, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kusema namba nzima maishani. Aliingia na trei ya mirija, akaitua kwa kishindo.

"Mama, osha hivi, havina maana. Vimeharibika."

"Vimeharibika vipi?"

"Mirija mipya ya plastiki imeisha stoo. Ikabidi ile sampuli isiyo na dawa niitie kwenye mirija yako ya kioo. Sasa angalia."

Mama Suuza aliangalia. Trei nzima ilikuwa buluu, yenye dawa na isiyo na dawa, zote sawasawa.

"Vijidudu vimekufa hata pale pasipo na dawa," Desimali alisema. "Profesa kasema kundi la vijidudu lilikuwa bovu, nimwage, nisiandike, ningoje plastiki zije."

"Kwani siku zote ile isiyo na dawa unatia wapi?"

"Kwenye plastiki mpya. Ndiyo amri yake. Anasema kipimo cha kulinganishia ndicho moyo wa kazi, kisiguswe na chombo kikuukuu. Yenye dawa ndiyo inaingia kwenye kioo."

Mama Suuza alichukua mrija mmoja, akaunyanyua kwenye mwanga. Ulikuwa unameta. Alikuwa anajua kitu ambacho watu wote wenye digrii katika jengo lile hawakukijua. Alikuwa anajua vile vyombo vinavyooshwa.

Zamani, baada ya sabuni, aliusuuza kila mrija mara tatu kwa maji ya mvuke, yale yanayochemshwa hadi yakawa mvuke, mvuke ukapozwa ukarudi kuwa maji safi kabisa. Maji ya kwanza yanaondoa povu. Ya pili yanaondoa utelezi. Ya tatu yanaondoa kile kisichoonekana. Kisha mashine ya kutengeneza maji hayo ikaanza kusuasua, na wakati huohuo stoo ikaletewa sabuni mpya kwenye pipa, kali, ya kuua vijidudu, inayochubua mikono. Profesa akaja mwenyewe hadi sinkini akasema asuuze mara moja tu.

"Mara moja tu, Profesa?" aliuliza.

"Mama, chombo kikimeta kimetakata."

Akasuuza mara moja. Miezi minane. Mtu mkubwa akisema, mdogo anainama. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tunavyozikana.

"Binti yangu," alimwambia Desimali, "funga mlango."

*

Jumatano walitayarisha mirija ya kipimo chao, baada ya Profesa kutoka kwenda kwenye kikao cha maandalizi ya wageni. Wageni wa mradi, wale wanaotoa fedha, walikuwa waje Ijumaa. Desimali aliogopa, na alilisema wazi. Lakini alitaka kujua, na mpimaji anayetaka kujua ni kama mwenye njaa aliyenusa jikoni. Mama Suuza aliosha kwa mkono wake mafungu mawili. La kwanza alilisuuza mara moja, kama alivyoamriwa. La pili alilisuuza maji matatu, kwa maji ya mvuke aliyoyakinga tone kwa tone tangu alfajiri.

Alhamisi asubuhi mashine ilitoa namba, na Desimali akazisoma polepole, kwa mara ya kwanza bila desimali.

"Ukilinganisha na plastiki ya wiki iliyopita, mirija iliyosuuzwa mara moja, haina dawa ndani, imepunguza sabini na tisa."

"Haina dawa kabisa?"

"Haina hata tone. Iliyosuuzwa mara tatu, haina dawa, imepunguza mbili." Alishusha kidole mstari mmoja. "Iliyosuuzwa mara tatu, yenye dawa, imepunguza tano."

"Nifanyie hesabu. Dawa peke yake."

"Tatu, mama. Asilimia tatu. Hiyo hata si kitu, hiyo ni mkono wangu ukitikisika wakati wa kupima."

Mama Suuza alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Hasira ilimpanda taratibu, kutoka miguuni, na alipoitazama mikono yake iliyochubuka hakujua aanze kumchukia nani. Wiki saba alikuwa akimwoshea mumewe kidonda kwa maji ya magome. Wiki saba Fundi aliuma meno na kumwambia, "Inafanya kazi, naisikia inavyochoma." Themanini na mbili ilikuwa ya sabuni. Na sabuni yenyewe ilibaki kwenye mirija. Kwenye chupa ya Fundi haikuwamo hata hiyo.

"Twende kwake," alisema.

*

Profesa alisoma karatasi ya Desimali akiwa amesimama. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye suti ya kijivu na tabia ya kusema "kwa kweli" pale ambapo ukweli unakaribia kukwepwa. Aliisoma mara mbili. Uso wake ulibadilika, na kwa nusu dakika alionekana mzee na mwenye huruma. Nusu dakika hiyo ikapita.

"Nani aliwaruhusu kufanya kipimo hiki?"

Desimali akaangalia viatu vyake, na hakuinua macho tena mpaka mwisho wa mazungumzo.

"Mimi," Mama Suuza alisema.

"Wewe." Profesa aliweka karatasi mezani. "Kwa hiyo, kwa kweli, umekuja kuniambia kwamba wewe uliyepewa kazi moja, ya kuosha, hukuosha. Umeharibu kazi ya miaka miwili."

"Nilisuuza mara moja kama ulivyoniambia."

"Nilikwambia upunguze maji. Sikukwambia ubakize sabuni."

Mtu angetaka kujua hasira inavyofika kooni na kugeuka kuwa kikohozi, angekuwa hapo. Mama Suuza alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Profesa akamsukumia glasi ya maji, na adabu hiyo ikamuudhi kuliko tusi.

"Sikiliza," Profesa alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Hatugombani. Utaandika maelezo mafupi kwamba usuuzaji haukufuata utaratibu. Utasaini. Tutarudia vipimo kimya kimya, mwezi ujao au unaofuata. Kazi yako haitaguswa, nakuahidi."

"Na wale wagonjwa wa Ijumaa?"

"Wataarifiwa wakati ukifika. Kesho wageni wanakuja, wanataka kuwaona wanaotumia dawa. Weka benchi pale dirishani kwako, watu wasisimame juani."

"Profesa, watu wale wameacha vidonge vyao. Wewe ndiye uliyewaachisha."

"Niliwashauri."

"Mume wangu anakatwa mguu Jumamosi."

Profesa alivua miwani, akaifuta. "Pole sana," alisema, na inawezekana alimaanisha. "Lakini kisukari, mama, unakijua. Mguu ule ungeweza kukatwa hata hivyo."

Ungeweza. Neno hilo alitoka nalo ofisini likimwasha kama ile sabuni. Karatasi aliisaini, ndiyo. Iliandikwa kwamba alisuuza mara moja badala ya mara tatu, na huo ulikuwa ukweli, hakuona sababu ya kuukimbia. Alipoomba karatasi ya pili, ya kusema nani aliyeamuru, Profesa alisema haikuandaliwa.

*

Nyumbani, kabla jua halijazama, Fundi alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto, wifi akimpepea kidonda kwa kipande cha boksi kuwafukuza nzi. Chumba kilikuwa na ile harufu. Mama Suuza alivua viatu, akakaa sakafuni, akawaambia yote: sabuni, plastiki, kioo, maji ya kwanza, namba. Hakuficha kitu. Alisema mpaka ile soda aliyoinywa siku ya themanini na mbili.

Fundi alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Mirija hiyo uliosha wewe?"

"Niliosha mimi."

"Na ulijua mara moja haitoshi?"

Hapa angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angemkamata. "Nilijua. Nikasema huenda yeye anajua zaidi."

"Mimi nikichomelea geti la mtu," Fundi alisema, "mwenye nyumba akaniambia nipunguze fimbo za kuchomelea, namwambia hapana, litamwangukia mtoto. Namwambia hapana, mke wangu. Akitaka atafute fundi mwingine." Alinyoosha kidole kwenye mguu wake. "Ulishindwa kusema hapana moja tu?"

"Nilishindwa."

"Basi mguu wangu umekwenda kwa ajili ya vikombe viwili vya maji."

Aligeukia ukutani. Mama Suuza alitaka kumshika bega, mkono ukamgomea. Wifi, ambaye kwa kawaida angepata hapo karamu ya maneno, aliendelea kupepea. Kisha akasema, si kwa ukali, "Maji yakimwagika hayazoleki. Hao wengine kumi na mmoja, yao yamemwagika?"

"Kuna wa wiki mbili," Mama Suuza alisema. "Kuna wa wiki tatu. Kesho wanakuja kujaziwa."

"Basi utawajazia nini?"

Usiku huo mume na mke walilala migongo imeelekeana, na asubuhi Fundi alisema maneno mawili tu: "Nipe magongo."

*

Ijumaa benchi lilikuwepo pale dirishani, kama alivyoagiza Profesa. Walikuja mmoja mmoja na chupa zao: dereva wa lori mwenye kidonda kisiginoni, bibi mmoja aliyefunga muundi kwa kitambaa kisafi, mshona viatu, wengine. Wote walioga, walivaa vizuri, maana waliambiwa kuna wageni. Mwishoni mwa foleni alisimama Fundi kwenye magongo yake, na wifi pembeni. Mkewe alipomwona aliushika ukingo wa sinki. Hakumtarajia, wala hakujua amekuja kumtetea au kumuumbua.

Profesa alitokeza na wageni watatu. Alikuwa akieleza kwa Kiswahili kizuri cha kwenye mikutano jinsi jamii ilivyoipokea dawa.

Bibi alipitisha chupa yake dirishani. "Nijazie mpaka juu, mwanangu. Ya wiki iliyopita iliisha Jumatano."

Mama Suuza aliichukua chupa, akaiweka kwenye sinki, hakuirudisha. Akachukua na ya dereva. Akachukua na ya mshona viatu. Kisha akalinyanyua dumu la maji ya kahawia, akalimimina lote kwenye shimo la sinki, mbele ya macho yao.

"Dawa hii haifanyi kitu," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kubwa. "Haifanyi kitu. Iliyoua vijidudu ni sabuni iliyobaki kwenye vyombo, na vyombo niliosha mimi. Niliambiwa nisuuze mara moja badala ya tatu, nikakubali. Rudini hospitali leo, mkaombe vidonge vyenu. Leo, msingoje kesho."

Mgeni mmoja akauliza huyo ni nani.

"Ni mtu wa usafi," Profesa alisema. "Ana matatizo ya kifamilia. Mama, ingia ndani."

"Wa usafi ndiyo," Mama Suuza alisema. "Muulize yeye, usafi aliupunguza nani."

Dereva akaguna. "Lakini mimi naona nafuu," alisema, na wengine wakaitikia, kwa sababu mtu aliyetumaini wiki kadhaa hawezi kutua tumaini kwa sekunde moja. Bibi alinyoosha mkono dirishani akitaka chupa yake. Profesa alitabasamu. Hapo ilibaki kidogo tu, maneno ya Mama Suuza yapotee bure.

Fundi akasogea mbele. Alimpa dada yake gongo moja, akaketi kwenye lile benchi, akakunja suruali. Mguu ule alikuwa hajauonyesha kwa mtu yeyote ila mkewe, dada yake na daktari. Hata rafiki zake wa karakana walipokuja kumjulia hali aliufunika kwa shuka. Akafungua bandeji, mzunguko mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho. Mstari mwekundu wa kalamu ulikuwa bado upo.

"Na mimi niliona nafuu," alisema. "Wiki saba. Kesho unakatwa hapa."

Mgeni mmoja aligeuza uso. Harufu iliwafikia wote, wenye suti na wasio na suti.

Fundi akamtazama dereva. "Wewe wiki ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Nenda. Na wewe, bibi?"

"Ya tano, baba."

"Nenda sasa hivi, bibi. Dada yangu atakushika mkono."

Akawauliza wote, mmoja mmoja, na mmoja mmoja waliondoka, bila chupa. Bibi alisimama kwanza mbele ya Profesa, akamwangalia kutoka viatu hadi miwani, akatema mate pembeni, akaenda zake akimwegemea wifi. Desimali alikuwa ametoka nje na daftari lake la namba. Alilifungua kwenye ukurasa wa Alhamisi na kumkabidhi mgeni aliyekuwa karibu. Profesa alinyoosha mkono kulichukua, mgeni akalivuta kwake.

Mama Suuza alivua aproni, akaining'iniza kwenye msumari wake wa miaka kumi na mmoja, akatoka. Alipiga magoti mbele ya benchi na kuanza kuufunga mguu wa mumewe upya, taratibu, kuanzia chini. Hakuthubutu kumtazama usoni.

"Bado nina hasira na wewe," Fundi alisema.

"Najua."

"Nitakuwa nayo muda mrefu."

"Najua, baba."

Alifunga pini ya bandeji. Fundi alitazama njia waliyoondokea wale wengine, na midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Kumi na mmoja wameondoka kwa miguu yao," alisema, akamnyooshea mkewe mkono ili amwinue. "Twende tukalazwe. Jioni inaingia."